Mkwe Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Chai ya tangawizi na magimbi mezani, vimefunikwa kwa kawa. Nilisubiri nisikie mlango wa jikoni ukifungwa, ndipo nikatoka chumbani. Ndivyo tunavyoishi. Odilia anaandaa na kujificha. Mimi natoka, nakula, narudi chumbani. Yeye anatoka kuondoa vyombo.

Nieleze vizuri, ingawa daftari hili halina msomaji. Mazoea ya ualimu. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto humwogopa baba mkwe. Si woga wa fimbo. Ni heshima, lakini wazee waliiita woga, na hawakukosea. Hamtazami usoni. Hamtaji jina. Hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Vijana wengi wa mjini wameiacha mila hii. Odilia hajaiacha, na wala si Mnyakyusa. Ni Mhehe wa Iringa, Mkatoliki, amesoma chuo cha kilimo. Marehemu mke wangu alimfundisha, naye akaishika kama mwanafunzi anayetaka maksi zote.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akipeleka maneno huku na huku. Tulimzika mwaka jana. Mwanangu Lusekelo anaendesha lori la mizigo kwenda Zambia, haonekani wiki mbili, tatu. Kwa hiyo nyumba hii ya Soweto, hapa Mbeya, ina watu wawili wasioonana.

Siku hizi maneno yanapelekwa na paka. Leo, nyuma ya mlango: "Nyau, mwambie Baba maji ya kuoga ni ya moto." Nami nikamjibu paka: "Nyau, mwambie mama asante, na asibebe ndoo na hali aliyo nayo." Paka anaendelea kulamba mguu. Sisi tunacheka, kila mtu upande wake wa ukuta.

Ana mimba ya kwanza. Miezi saba na kitu.

Mchungaji amenipa kazi. Jumamosi ni siku ya wanawake. Anataka nizungumze kanisani kuhusu hali ya wanawake enzi za babu zetu, na watu wa kwanza waliojaribu kuibadili. Amesema nusu saa. Ananijua. Amerudia mara mbili: nusu saa, Mwalimu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kuandika mazungumzo. Nitaanza na bibi yangu, mzaa mama. Alichumbiwa kabla hajaota meno. Ng'ombe wakaja, yeye akiwa bado mgongoni. Haikuwa aibu wakati ule, wala baba yake hakuwa mtu katili. Mtoto wa kike alikuwa njia ya ng'ombe kuingia nyumbani ili kaka yake naye aoe. Ni lazima wasikilizaji waelewe hilo kwanza. Usipoelewa kwa nini jambo lilionekana jema, huwezi kueleza kwa nini lilikuwa gumu kuliondoa.

Kisha kanisa la kwanza la kijijini kwao. Mama alinisimulia. Wamisheni walitaka wote wakae pamoja, wanaume kulia, wanawake kushoto. Wazee wakagoma, wakasema: Wake wa watoto wetu wakiingia humo tutawaona, na wao watatuona, basi hatuji. Mvutano ukawa mrefu. Mwisho wakaafikiana: ukuta wa matete katikati, na wanawake mlango wao. Bibi yangu alijifunza kusoma nyuma ya yale matete. Mke wa mhubiri aliwafundisha wasichana humo humo, kushona asubuhi na kusoma mchana. Baba zao walidhani ni kushona tu.

Hoja yangu ni hii. Wale wa mwanzo walipigana na mambo yenye kelele. Wake wengi. Watoto kuchumbiwa. Wajane kurithiwa kama majembe. Walifanya kazi kubwa, na wengine waliumia. Lakini ukimya waliuachia ukuta wa matete. Ukimya hauna mlalamikaji.

Ni hoja nzuri. Nimeipenda.

Odilia amevaa kandambili za mumewe leo. Nimesikia zikiburuzwa ukumbini. Zake za rangi ya waridi ziko mlangoni. Labda zimekatika.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Wakatoliki wanapita barabarani na alama kwenye paji la uso. Odilia hakwenda. Yeye, ambaye mwaka jana alikwenda na homa.

Nikamtuma paka kuuliza. Jibu: "Nyau, mwambie Baba nimechoka tu, nitafunga nikiwa nyumbani." Sauti nzito, kama mtu mwenye mafua.

Nilikwenda kuziangalia zile kandambili za waridi. Nzima kabisa.

Mchana nikamsikia uani akimwomba panadol Mama Atupele, jirani yetu. Mama Atupele akauliza, tena? Jana si nilikupa?

Sipendi neno hilo "tena".

Alhamisi, 6 Machi

Sahani mbili zimevunjika jikoni. Sikusikia akiteleza. Nilisikia kimya, kisha sahani. Kama mtu aliyeziweka mahali ambapo hapakuwa na meza.

Nikasimama karibu na mlango. "Nyau, muulize mama kama ameumia." "Nyau, mwambie Baba hapana." "Nyau, muulize kama amekwenda kliniki." "Nyau, mwambie tarehe yangu ni wiki ijayo." Safari hii hakuna aliyecheka. Paka mwenyewe alikuwa nje.

Nikatoka kumtafuta Mama Atupele. Alikuwa anaanua nguo, wingu limeshafunga.

"Mwalimu, mkweo amevimba uso kama andazi," akasema. "Anasema ni usingizi. Mimi huo usingizi sijaupenda."

"Mwambie aende hospitali."

"Nimemwambia mpaka mate yamekauka. Anasema hawezi kutembea mpaka barabarani, miguu imejaa. Na bajaji ikija mpaka mlangoni, wewe utatoka kuuliza ni nani, utamkuta hivyo alivyo."

"Kwa hiyo anajificha kwa ajili yangu?"

"Sasa kwa ajili ya nani? Ya paka?"

Hakucheka aliposema hivyo. Kesho alfajiri anakwenda Rujewa, dada yake ana mpunga wa kupalilia. Akirudi Jumapili atampeleka yeye mwenyewe.

Nimempigia Lusekelo. Hapatikani. Akishavuka Tunduma simu yake inakuwa jiwe.

Nimeamua. Kesho asubuhi nitaita bajaji, nitamwambia paka kwa sauti kubwa kwamba nimejifungia chumbani na sitatoka. Odilia atapita bila wasiwasi. Huo ndio mpango.

Naogopa. Niliandike hivyo hivyo, bila kulipamba.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Herufi zangu zimekuwa za mtoto wa darasa la kwanza.

Bajaji ilikuwa bado haijafika. Nilikuwa chumbani nimejifungia, mjinga, mwenye mpango. Nikasikia kishindo jikoni. Si cha sahani. Cha mtu.

Nikaita paka. Mungu anisamehe, neno la kwanza kutoka mdomoni mwangu lilikuwa Nyau.

Hakujibu. Nikatoka. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikaona mguu. Mguu ule haukuwa na kifundo. Nikasimama pale. Miaka yangu yote, shahada yangu, ile hoja yangu nzuri ya ukuta wa matete, na nikasimama. Mkono kwenye mlango na haukusukuma. Sijui kwa muda gani. Kwake yeye aliyekuwa sakafuni ulikuwa mrefu.

Kisha nikasema, "Odilia." Sijawahi kulitamka jina lake akiwa karibu. Akasikia. Akavuta kitenge akajifunika uso. Akasema kwa shida, "Usiingie, Baba. Sijavaa vizuri." Hayo ndiyo aliyoyawaza.

Nikaingia. Wakati huo huo mwili ukaanza kukaza na kurukaruka. Povu. Kitenge kikaanguka. Nikauona uso wake, na jambo la kutisha ni kwamba sikujua kama umevimba. Sikuwa na uso mwingine wa kulinganisha. Hata siku ya harusi nilitazama viatu vyake.

Nilimlaza ubavu. Dereva wa bajaji akaja, tukambeba wawili. Njiani kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Mvua ikatupiga kutoka pembeni. Nilimwambia mambo mengi. Sikumbuki hata moja.

Nesi alikuwa na maswali.

"Kichwa kimeanza kuuma lini?"

Sijui.

"Alikuwa anaona vizuri?"

Sijui.

"Amekojoa leo? Jana?"

Sijui.

Akaacha kuandika. "Mzee, mnaishi nyumba moja?"

Nikasema ndiyo.

Ni kifafa cha mimba. Presha iliyopanda kimyakimya, daktari ameeleza. Huanza kwa kuvimba, kichwa, macho kuona giza au nyota. Mtu yeyote anayemtazama angeona. Hivyo ndivyo alivyosema, mtu yeyote anayemtazama, na hakuwa anamsema mtu.

Wanampasua sasa. Mume hayupo, mwenyewe hana fahamu. Nimesaini mimi. Katika habari zote za zamani ninazozifahamu, mwanamume ndiye anayesema kwa niaba ya mwanamke. Leo nimesema mimi, na mwanamke ninayemsemea, sijui hata dalili yake moja.

Mlango wa chumba cha upasuaji una kioo kidogo cha ukungu. Kila kivuli kinachopita nadhani kinakuja kuniambia.

Jumamosi, 8 Machi

Mtoto wa kike. Njiti. Mdogo kuliko mkate. Yuko hai.

Odilia yuko hai. Hajaamka. Degedege lilirudi baada ya upasuaji, wamemchoma sindano ya kulizuia. Yuko chumba cha uangalizi, mirija mkononi. Hawaniruhusu kukaa.

Asubuhi nesi wa watoto njiti alinijia. Mama mnene, mwenye haraka.

"Mtoto anapoa. Mama yake hawezi kumshika. Mwanamke wenu yuko wapi?"

"Hayupo. Bibi yake anatoka Iringa, hajafika."

"Basi ni wewe. Vua sweta. Na shati."

Nikamweleza kwamba mimi ni baba mkwe wa mzazi. Kwamba kwetu jambo hilo ni mwiko. Nilianza hata kueleza asili yake.

"Babu," akasema, "mtoto hajui mkwe. Anajua joto."

Wanaita kangaruu. Mtoto anawekwa uchi kifuani, ngozi kwa ngozi, anafungwa kwa kitenge, unakaa. Wodi nzima ni wanawake wamekaa hivyo hivyo, kimya, kila mmoja na wake. Mimi katikati yao, mzee, kifua wazi. Mmoja akasema, "Babu, hizo mvi zitamkuna mjukuu!" Wakacheka wote. Nami nikacheka, nikahisi kile kitu kidogo kikicheka pamoja nami kwa sababu kifua kilitikisika. Nikanyamaza mara moja. Niliogopa nitamvunja.

Anapumua kama ndege aliyeshikwa mkononi. Wakati mwingine anasahau. Nesi amenifundisha: akisahau, mguse mgongo. Basi naangalia. Sikuondoa macho. Nimemtazama zaidi kwa asubuhi moja kuliko nilivyomtazama mama yake tangu aolewe.

Mchungaji amepiga simu. Kanisa limejaa, niko wapi? Nimemwambia siwezi. Akauliza kama anaweza kusoma nilichoandika. Nimemkatalia. Kilikuwa sahihi chote. Sikitaki kisomwe.

Jumapili, 9 Machi

Hajaamka.

Presha imepanda tena. Figo hazifanyi kazi vizuri. Daktari amesema tusubiri, kisha akatazama dirishani.

Mtoto amesahau kupumua mara nyingi. Nimemgusa. Amekumbuka.

Sijali mila. Sijali heshima. Namtaka yule msichana awe hai. Akiamka na asiniangalie tena maisha yake yote, sawa. Aamke.

Nimeomba. Sala haikuwa na mpangilio wowote.

Jumatatu, 10 Machi

Lusekelo amepatikana. Yuko njiani anarudi, analia kwenye simu, nimemwambia aendeshe polepole. Sitaki wagonjwa wawili.

Mama yake Odilia amefika kwa basi la asubuhi kutoka Iringa. Mwanamke mfupi, mkulima, mkono kama wa mwanamume. Amenisalimia, "Kamwene, Mwalimu," kwa adabu zote za Kihehe. Akamchukua mtoto, akamtazama kucha, masikio, nyayo. Kisha, bila kuinua macho:

"Nimeambiwa mlikuwa mnaongea na paka."

Nikasema ni kweli.

"Naye paka alisemaje kuhusu presha?"

Akaniacha nikae na swali hilo. Baadaye akanipa ndizi kutoka kwenye mfuko wake, akasema nimekonda.

Alasiri, Odilia amefungua macho.

Mama yake aliniita. Nilikwenda nikasimama mlangoni, nje ya kizingiti. Miguu ilijisimamisha yenyewe. Odilia alikuwa anapapasa hewa. Haoni vizuri. Vivuli tu, daktari amesema huenda kuona kukarudi, huenda polepole.

"Nani yuko mlangoni, Mama?"

"Baba mkwe wako."

Mikono ikaanza kutafuta shuka ajifunike. Ikatafuta upande huu, upande ule. Nikasema, "Natoka, natoka." Nikageuka.

Nikamsikia akimwuliza mama yake mtoto yuko wapi.

"Muulize aliyemlea siku tatu," mama akasema.

Kimya kirefu. Najua ukimya wa nyumba yetu, lakini huu haukuwa ule. Huu ulikuwa na mtu ndani yake anayefanya kazi ngumu.

"Baba," akasema. Kwangu. "Mtoto mzima?"

Nikasema mzima. Nikasema ana kucha. Sijui kwa nini nilisema habari za kucha.

Jumatano, 12 Machi

Lusekelo amefika jana jioni. Alikaa sakafuni kando ya kitanda cha mkewe, buti za safari miguuni, hakuna aliyemwambia avue.

Macho yanarudi. Leo amehesabu vidole vya mama yake, akakosea kimoja. Presha inashuka, si moja kwa moja. Inashuka, inapanda, inashuka. Kila nesi anapofunga ule mkanda mkononi mwake mimi natazama ukuta.

Mama yake ameniambia jambo. Tulikuwa tumekaa nje, yeye anamenya chungwa.

"Nimemuuliza kwa nini alijificha hata alipokuwa anaumwa. Anasema marehemu mama mkwe alimwambia, mzee anapenda heshima hii kuliko chakula. Basi amekuwa akikupa."

Nikamwambia mimi nilidhani ni yeye anayeipenda. Nilidhani nikiivunja nitamwaibisha, mgeni aliyejitahidi kujifunza.

"Na marehemu?"

Nikafikiri. Mke wangu aliishika kwa baba yangu kwa sababu mama yangu aliitaka. Mama yangu aliitaka kwa sababu alijificha majanini ujana wake wote, na hakuna mtu anayependa kuambiwa kwamba yale majani hayakuwa na maana. Miaka yote hiyo. Sidhani kama baba yangu aliwahi kuulizwa. Sidhani kama mimi nilimuuliza mtu.

Nilifundisha historia maisha yangu yote. Nilidhani mila inaendelea kwa sababu kuna mtu anaitaka.

"Kula chungwa," akasema.

Jumapili, 16 Machi

Mtoto ameongezeka uzito. Kidogo, lakini nesi ameandika kwa furaha. Sasa tunampokezana kifuani: bibi, baba yake, mimi. Odilia ameruhusiwa kumshika akiwa ameketi. Nilikuwepo. Alimshika kama mtu aliyekabidhiwa yai la mtu mwingine. Alikuwa anaogopa. Nilifurahi kumwona mtu mwingine anayeogopa kama mimi.

Jumanne, 25 Machi

Nyumbani. Jua kidogo, baridi ya Mbeya. Lusekelo amerudi kazini jana, safari fupi. Mama yake Odilia amekwenda sokoni.

Macho yamerudi, isipokuwa jioni anasema mistari ya kitabu inacheza. Vidonge vya presha bado, asubuhi na jioni. Anavimeza mbele yangu. Hatukupanga hivyo. Anakuja tu sebuleni na kikombe cha maji, anameza, anaondoka. Hanitazami. Anatazama kalenda ukutani, au dirisha. Mimi nami natazama mikono yangu. Tunakaa hivyo, watu wazima wawili wenye aibu. Sina haraka naye. Akitaka kuishika hiyo heshima, ni yake, mradi aijue kuwa ni yake.

Asubuhi amesimama kwenye mlango wa chumba changu, uso ameugeuzia pembeni kidogo.

"Baba, nishikie mtoto nikaoge."

Nikanyoosha mikono. Akamweka. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Nikakaa kitandani na mtoto. Nikasikia maji bafuni, kopo likigonga ndoo. Kisha kimya. Nikasubiri. Kimya bado. Moyo ukaanza kupiga mpaka mtoto akafumbua jicho.

"Odilia?"

"Nipo, Baba," akajibu. "Sabuni imeingia machoni."

Kopo likagonga ndoo tena.

Mtoto akalala.